Mshale Unaelekea Wapi? Kuzisoma Alama za Barabarani bila Kubabaika

Si jambo la ajabu tena katika miji yetu ya Pwani kumwona mama ameshika usukani. Ndiye anayewapeleka watoto shuleni asubuhi na madrasa alasiri, ndiye anayemfikisha mzazi mgonjwa hospitalini, na wengine huamkia sokoni Kongowea kuchukua bidhaa za biashara zao. Hata hivyo, wapo dada zetu wengi waliosomea udereva, wakafaulu mtihani na kupewa leseni, kisha leseni hiyo ikabaki ndani ya mkoba pasi na kutumika. Tukiwauliza sababu, aghalabu hawataji gia wala kuegesha gari. Husema: "Nikifika njia panda nikaona mishale, moyo hunienda mbio. Sijui unaniamrisha, unanionya, au unanionyesha tu."

Hofu hiyo ina msingi. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa mijini nchini Kenya, hupita takriban mita 14 katika sekunde moja. Dereva akiduwaa sekunde mbili akiutafakari ubao, amekwisha kupita mita 28 hali macho yake hayako barabarani. Katika masafa hayo anaweza kutokea mtoto, bodaboda au mkokoteni. Kwa hiyo maana ya mshale yafaa ijulikane nyumbani kabla ya kukutana nao njiani. Makala haya tumeyaandika kwa nia hiyo.

Mafunzo ya darasani hayatoshi

Wengi wetu tulijifunza alama hizi mbele ya ubao wa mji wa mfano, ule wenye barabara zilizochorwa na vigari vidogo vya kuchezea. Mwanafunzi husukuma kigari chake huku akisoma kwa sauti maneno aliyoyahifadhi. Ubao huo una manufaa yake, kwani humwonyesha mwanafunzi mji mzima kwa mtazamo mmoja. Lakini aliyesimama mbele ya ubao anautazama mji kutoka juu, kama ndege, ilhali dereva halisi ameketi chini, karibu na lami, na mshale umesimama wima mbele ya uso wake. Aliyekariri bila kufahamu atajibu swali la mtahini vizuri, kisha atakwama katika mzunguko wa kwanza atakaoufikia. Wahenga walisema, asiyejua maana haambiwi maana. Basi na tuanze na maana.

Tazama umbo kabla ya mshale

Kosa linalowababaisha madereva wengi ni kuutazama mshale kwanza. Mshale peke yake haujakamilika. Kinachokamilisha maana yake ni umbo la kibao kilichoubeba, na maumbo ya msingi ni matatu.

Duara hutoa amri. Duara la buluu lenye mshale mweupe linakuambia jambo ambalo ni lazima ulifanye. Duara jeupe lenye ukingo mwekundu linakuambia jambo ulilokatazwa. Mshale mweusi uliopinda kulia na kukatwa kwa mstari mwekundu, kwa mfano, maana yake ni kwamba hairuhusiwi kukata kulia.

Pembetatu yenye ukingo mwekundu, ncha yake ikiwa juu, hutoa onyo. Haikuamrishi kugeuka popote. Inakupa habari ya hatari iliyo mbele ili ujiandae na kupunguza mwendo.

Mstatili hutoa taarifa. Unakueleza hali ya barabara au unakuelekeza mahali.

Sasa tuchukue mfano mmoja unaoonyesha jinsi umbo linavyogeuza maana. Mshale mweupe ulionyooka kwenda juu, ndani ya duara la buluu, maana yake ni: nenda mbele tu, usikate kushoto wala kulia. Mshale uleule, rangi zilezile, ukiwekwa ndani ya mstatili wa buluu, maana yake ni: hii ni barabara ya njia moja. Wa kwanza unakunyima ruhusa ya kugeuka. Wa pili haukunyimi hilo. Unakuarifu kwamba magari yote katika barabara hiyo yanaelekea upande mmoja, nawe usitarajie gari kukujia kwa mbele, wala usithubutu kugeuza na kurudi ulikotoka. Katikati ya mji wa Mombasa, ambako barabara kadhaa ni za njia moja, kutofautisha mishale hii miwili humwepusha dereva na aibu, faini na mgongano wa ana kwa ana.

Mshale unaokwenda juu hauelekei mbinguni

Watoto huuliza swali ambalo watu wazima huona haya kuliuliza: gari litapaaje juu? Jibu ni kwamba ubao umesimama, ilhali barabara imelala. Katika fikira zako, ulaze ubao huo chini, uutandike juu ya lami mbele ya gari lako. Papo hapo "juu" huwa "mbele". Mkia wa mshale ndipo ulipo wewe, na ncha yake ndiko unakoelekezwa. Kwa hiyo mshale wa namna hii husomwa kuanzia chini kwenda juu.

Kanuni hii hutatua mafumbo mengi. Chukua pembetatu yenye mshale au mstari uliopinda mara mbili, ishara ya kona mbili zinazofuatana. Madereva hubishana: kona ya kwanza ni ya kushoto au ya kulia? Anza kusoma chini. Upande ambao mstari unaanza kupindia ndio upande wa kona ya kwanza. Vilevile mbao kubwa za kabla ya makutano, zenye mchoro wa barabara na majina ya miji, ni ramani ndogo. Mkia wa chini kabisa ni barabara uliyomo, na kila tawi lenye jina ni njia utakayoikuta. Katika mtindo huu wa ramani, tawi nene aghalabu ni barabara kubwa na tawi jembamba ni ndogo.

Mtindo huo una historia inayopendeza. Mwaka wa 1909 mataifa kadhaa ya Ulaya yalikutana Paris na kukubaliana juu ya alama nne tu za kuonya: kona, njia panda, kivuko cha reli na matuta. Miaka ilivyopita na magari yalivyoongezeka, alama zilizidi kuwa nyingi na kuchanganya, hata ukafikiwa mkataba mpana wa Vienna mwaka wa 1968. Nchini Uingereza, ambako mfumo wetu wa alama umechota mengi, kazi ya kuzisawazisha alama za barabarani ilifanywa na wabunifu wawili, Jock Kinneir na Margaret Calvert, na alama zao zilianza kutumika rasmi Januari 1965. Bi. Calvert alizaliwa Afrika Kusini. Ile pembetatu ya watoto wawili wanaovuka, msichana akimwongoza mvulana mdogo, ni kazi ya mkono wake, na msichana yule alimchora akijikumbuka yeye mwenyewe alipokuwa mtoto. Binti zetu wanaodhani kwamba mambo ya barabara ni ya wanaume peke yao yafaa wasimuliwe habari hii.

Mshale unaokwenda chini ni kidole

Ikiwa mshale wa juu husomwa kama ramani, basi mshale unaoelekea chini tuusome vipi? Kwa hakika haukuambii urudi nyuma. Mshale wa chini ni kidole kinachoashiria mahali hasa: "Pita hapa."

Kuna namna mbili za mshale huu. Namna ya kwanza ni duara la buluu lenye mshale ulioinama kwa mshazari, ukielekea chini kushoto. Kibao hiki huwekwa mwanzoni mwa kitenganishi cha katikati ya barabara, au mbele ya kizuizi, na maana yake ni: pita upande wa kushoto wa kitu hiki. Usiuchanganye na mshale uliolala sawasawa kuelekea kushoto ndani ya duara kama hilo, ambao unaamrisha ukate kushoto papo hapo ulipo ubao. Wala usiuchanganye na ule unaopanda kisha ukapinda kushoto, ambao unaamrisha ukate kushoto mbele kidogo. Mishale mitatu yote ni ya kushoto, nayo imebeba amri tatu mbalimbali: pita kando, kata hapa, kata mbele.

Amri ya kupita kushoto imeacha alama hata katika lugha yetu. Ndugu zetu wa Tanzania huuita mzunguko wa barabara "kipilefti". Neno hilo limetokana na maneno ya Kiingereza yaliyokuwa yakiandikwa hapo kuwaamrisha madereva washike kushoto. Waswahili wakalisikia kama jina linaloanza na "ki", wakaliundia wingi wake: vipilefti. Maneno yale ya kibao yakawa jina la mahali penyewe.

Namna ya pili ya mshale wa chini ni ile ya mbao zilizoning'inizwa juu ya barabara kuu. Kila mshale umeelekezwa kwenye leni iliyo chini yake, na jina lililoandikwa juu ya mshale ndiko leni hiyo inakokwenda. Dereva anapaswa kuitafuta leni yake mapema, aonyeshe indiketa, kisha ahame taratibu. Asingoje hadi awe chini ya ubao ndipo avuke leni mbili kwa mkupuo.

Mishale miwili inayopishana

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi, nasi tunaomba msomaji asiharakishe. Mishale miwili iliyosimama sambamba, mmoja ukielekea juu na mwingine chini, huonekana katika maumbo yote matatu, na kila umbo lina maana yake.

Katika pembetatu, mishale yote miwili ni myeusi. Hili ni onyo kwamba mbele magari yanakwenda na kurudi katika barabara moja. Aghalabu huwekwa pale ambapo barabara ya njia moja, au barabara pana yenye kitenganishi, inafikia ukomo. Dereva aliyezoea kupita magari mengine kwa upande wa kulia, akijua kwamba leni zote mbili ni zake, asipoiona pembetatu hii ataendelea vivyo hivyo hali leni ya kulia sasa ni ya wanaomjia. Usiku, katika barabara isiyo na taa, hitilafu hiyo haina nafasi ya kurekebishwa. Wanaosafiri kuelekea Mtwapa na Kilifi, ambako upanuzi wa barabara umefanya sehemu pana na nyembamba kupishana, waiweke alama hii akilini.

Katika duara jeupe lenye ukingo mwekundu, mshale mmoja ni mwekundu na mwingine mweusi. Mwekundu unaokwenda juu ni wewe. Mweusi unaokuja chini ni mwenzako. Maana yake ni kwamba mbele njia ni nyembamba, labda kuna daraja, na wewe ndiwe utakayesimama umpishe anayekuja.

Katika mstatili wa buluu, mshale mweupe unaokwenda juu ni wewe, na mwekundu unaoshuka ni mwenzako. Hapa yeye ndiye anayepaswa kusubiri, nawe una haki ya kutangulia.

Ili msisahau, shikeni neno moja: mwekundu husubiri. Popote mishale miwili inapokuwa na rangi mbili, mwenye rangi nyekundu ndiye anayengoja. Hata hivyo, haki ya kutangulia si ngao ya chuma. Ukiona lori linakuja kasi na dalili ya kusimama haipo, simama wewe. Wazee wetu walitufunza kuipa njia haki yake, na sehemu ya haki hiyo ni kumpisha hata asiyestahili, maadamu roho za watu zimo garini.

Mzunguko na mishale inayofukuzana

Duara la buluu lenye mishale mitatu inayofukuzana ni alama ya mzunguko. Nchini Kenya tunaendesha kushoto, basi mishale hiyo huzunguka kama akrabu za saa. Ukifika, wape nafasi magari yaliyomo ndani yakija kutoka mkono wako wa kulia, kisha uingie kwa kushoto.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa familia za Pwani, kwa kuwa wengi wetu tuna ndugu Oman, Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba. Huko magari hushika kulia, na mizunguko huzungukwa kinyume cha akrabu za saa. Tangu Juni 2018, wanawake wanaruhusiwa kuendesha magari Saudi Arabia, na baadhi ya dada zetu wanaofanya kazi nchi za Ghuba wamejifunza udereva hukohuko. Anaporudi nyumbani, mikono na macho yake bado yamezoea upande ule. Si vyema kumkabidhi ufunguo siku ya kwanza na kumtuma uwanja wa ndege au sokoni. Aketi kwanza kando ya dereva siku kadhaa, aisome mishale ya mizunguko yetu kwa sauti, kisha aanze katika barabara zisizo na msongamano. Anayesafiri kutoka hapa kwenda Somalia naye aizingatie tofauti hiyo, kwani huko pia hushika kulia. Anayekwenda Tanga, Dar es Salaam au Unguja hana haja ya kubadilisha upande.

Mishale ya lami, ya kona na ya taa

Mishale iliyochorwa juu ya lami huonekana mirefu kupita kiasi kwa mtu aliyesimama kando yake. Imerefushwa makusudi, kwa sababu dereva huitazama kwa mbali akiwa chini, na kwa mtazamo huo urefu hupungua na mshale ukaonekana wa kawaida. Mshale wa lami ni sharti la leni: ukiwa katika leni yenye mshale wa kulia peke yake, utakata kulia. Mshale wenye ncha mbili hukupa hiari ya mojawapo. Ukitambua umechelewa na uko katika leni isiyo yako, fuata leni hiyo hiyo inakokwenda, kisha utafute pa kugeuzia. Kupotea dakika 10 ni jambo jepesi. Kulikata gari la mwenzako ghafla si jepesi. Na katika barabara kuu, usirudi nyuma kwa gia ya kinyumenyume kwa sababu umepita njia yako. Aliye nyuma yako hatarajii kukukuta ukimjia.

Vile vibao vyenye alama za pembe nene zinazofuatana katika kona vinakuonyesha kona inakopindia. Punguza mwendo kabla ya kuingia, si ukiwa katikati ya kona.

Katika taa za barabarani, mshale wa kijani unakuruhusu kwenda upande unaoelekezwa na mshale huo tu. Tazama waendao kwa miguu kabla ya kuondoka. Na pindi afisa wa polisi aliyevaa sare anapoongoza magari, ishara ya mkono wake inatangulia taa na vibao.

Mshale ukidanganya

Lazima tuseme ukweli kuhusu hali ya vibao vyetu. Vipo vilivyogongwa na malori vikageuka, hata mshale wa kushoto ukaashiria baharini. Vipo vilivyong'olewa vikauzwa kama vyuma chakavu, vilivyofunikwa na matawi au matangazo ya biashara, na vilivyofifishwa na jua. Dereva mwenye busara haamini kibao kimoja peke yake. Huangalia mistari ya lami, magari yaliyoegeshwa yameelekea wapi, na migongo ya vibao vya upande wa pili. Asipopata uhakika, hupunguza mwendo, na ikibidi husimama pembeni mahali salama akauliza. Kuuliza si ujinga.

Wenye kuiba vibao au kuvibandika matangazo nao wajue wanachokifanya. Kilo chache za chuma zikiondolewa mahali pake, mgeni asiyeijua barabara huingia njia isiyo yake usiku, na watoto wake wamelala kiti cha nyuma. Tukimwona mtu akifanya hivyo mtaani kwetu, tusinyamaze. Na kibao kikianguka karibu na shule au msikiti, wazee wa mtaa waandike barua kwa wahusika, wasingoje ajali ndiyo iandike.

Darasa la ndani ya gari

Mwisho, tuna neno kwa wanaoketi kando ya dereva. Waume, kaka na baba zetu, dereva anayejifunza hasaidiki kwa kelele za "Hapa! Hapa! Umepita!" Mwambieni mapema na kwa utulivu: "Makutano ya pili, tutakata kushoto." Kisha mwacheni ausome mshale mwenyewe.

Na kwa akina mama wenye leseni zilizolala mikobani, tunapendekeza zoezi jepesi la wiki moja. Kila mnapopanda matatu au tuktuk, ketini panapoonekana barabara, na kila kibao chenye mshale mkiulize maswali matatu: umbo lake ni gani, mkia uko wapi, na ncha inaelekea juu au chini? Washirikisheni watoto, kwani wao hupenda kushindana, na macho yao ni mepesi. Baada ya siku chache majibu yatakuja yenyewe. Kisha chagueni asubuhi ya Jumapili, kabla magari hayajajaa, na mpitie njia ya shule mara mbili mkiwa na mtu mnayemwamini.